Msusi Mkongwe na Venus Williams

Huwezi kufika mlangoni mwa Kenyatta Market, Nairobi, siku ya Jumamosi bila kuitwa. Ukiingia tu kutoka upande wa Barabara ya Mbagathi, wasichana wanakujia na simu zilizojaa picha za mitindo. "Siste, unasuka? Mrembo, njoo tuongee bei." Wengine wanakushika mkono kwa upole, wengine wanatembea nawe hatua kwa hatua mpaka ukubali au useme kwamba una mtu wako. Nyuma yao moshi wa nyama choma unapanda kutoka vibanda vya upande wa pili, na harufu yake hukuingia kwenye nywele hata kabla hujaketi. Mimi nina mtu wangu. Nawasalimu, napenya kwenye vijia vyembamba, naketi kwenye stuli ileile niliyoizoea kwa miaka mingi.

Mtu wangu huyo ni mama aliyepita miaka hamsini. Sitamtaja jina wala kibanda chake, kwa sababu hakuniomba nimwandike. Hapa Kenyatta kichwa kimoja husukwa na watu wanne, watano, hata sita kwa pamoja, ndiyo maana mteja aliyeingia asubuhi hutoka mchana akiwa na rasta ambazo mtu mmoja angezisuka kutwa nzima. Vijana wanagawana kisogo na pande mbili. Mama anabaki na sehemu ya mbele, na kabla ya yote anabaki na kazi ya kupiga njia.

Nataka nikae kidogo kwenye hizo njia, maana watu wengi wanaosukwa hawazioni. Msusi hushika chanuo lenye mkia, akaweka ncha ya mkia pale nywele zinapoanzia, akavuta kuelekea nyuma. Mstari ukipinda, kila kitakachofuata kitapinda. Kijana wa miaka ishirini huupiga mstari huo, akaurudia, akaulainisha kwa mafuta, akaupiga mara ya tatu. Mama huweka mkono wa kushoto juu ya utosi kama anayepima joto la mtoto, akatulia. Kisha mkia wa chanuo unapita mara moja. Nimejaribu kumwangalia kwenye kioo ili nijue anatazama nini katika ule utulivu. Anatazama nywele zinavyolala zenyewe. Kila kichwa kina mahali pake ambapo nywele huzunguka, zikaelekea kulia au kushoto, na njia inayopigwa kinyume chake huanza kufumuka baada ya wiki moja. Yeye huitafuta njia ambayo kichwa tayari kinaitaka.

Halafu kuna suala la kukaza. Mtindo wa siku hizi usio na fundo huanza na nywele zako mwenyewe, ndipo msusi anaongeza nywele za bandia kidogo kidogo, uzi juu ya uzi, mpaka rasta inenepe bila kuonyesha mahali ilipoanzia kunenepa. Msusi kijana hana imani na vidole vyake, kwa hiyo anavuta. Unatoka hapo macho yamepanda, usiku hulali, na baada ya miaka michache ya kuvutwa hivyo nywele za pembeni zinahama kabisa. Mama havuti. Anabana. Vidole vitatu vinashika karibu sana na ngozi, vinapishana kwa mwendo mfupi kiasi kwamba ukitazama kiwiko chake utadhani amelala. Rasta zake hukaa muda mrefu kuliko za wale wanaovuta, na siku ya kwanza unaweza kulala kwa upande wowote utakao.

Jumamosi ya mwisho ya Julai 2025 nilikuwa chini ya mikono hiyo, simu mapajani, nikitazama marudio ya mechi ya tenisi. Venus Williams, mwenye miaka 45, alikuwa amecheza Washington Jumanne iliyotangulia na kumshinda Peyton Stearns, msichana wa miaka 23, kwa 6-3, 6-4. Ilikuwa mechi yake ya kwanza ya mmoja kwa mmoja baada ya miezi 16. Kwa wanawake, ni Martina Navratilova peke yake aliyewahi kushinda mechi ya mmoja kwa mmoja ya mashindano ya ngazi ya juu akiwa na umri mkubwa zaidi: miaka 47, mwaka 2004.

Mama aliinama akachungulia simu. "Huyo si yule wa shanga?"

Ndiye. Mwishoni mwa miaka ya tisini Venus na mdogo wake Serena waliingia kwenye viwanja vya tenisi wakiwa na nywele zilizosukwa na kuvishwa shanga, zikilia kila walipokimbia. Mama anakumbuka wasichana waliokuja kwake na picha za magazeti wakitaka shanga kama hizo. Nami nakumbuka siku ambayo shanga zilimgharimu. Januari 1999, Melbourne, robo fainali dhidi ya Lindsay Davenport, uzi ulikatika na shanga zikatawanyika uwanjani katikati ya mchezo. Mwamuzi akampa Davenport pointi kwa kosa la kumvuruga mpinzani. Venus, ambaye hakuwa hata na miaka 19, alibishana, sauti ikamtetemeka, na seti hiyo akaipoteza 6-0. Nilipomsimulia mama habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema lile ambalo msusi tu angelisema: uzi ule ulifungwa vibaya mwishoni.

Tangu siku hiyo ya shanga imepita miaka zaidi ya 26. Venus ameshinda mataji saba makubwa ya mmoja kwa mmoja, matano kati yake Wimbledon. Ameshinda mengine 14 akicheza na Serena, na wawili hao hawakuwahi kupoteza fainali hata moja ya aina hiyo. Ana dhahabu nne za Olimpiki. Amepokea zaidi ya dola milioni 40 kwa zawadi za mashindano peke yake. Alipigania wanawake walipwe sawa na wanaume, na Wimbledon ilipokubali mwaka 2007, yeye ndiye aliyelitwaa taji la mwaka huo. Mwaka 2011 alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Sjögren, unaommaliza mtu nguvu kabla hajaanza kazi. Mwaka 2024 alifanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe katika kizazi, baada ya miaka mingi ya maumivu ambayo wanawake wengi waliokaa kwenye stuli hizi za Kenyatta wangeyatambua bila kuelezwa. Baada ya hayo yote, mtu huyu anarudi uwanjani kufanya nini?

Majibu ya haraka yapo. Pesa, jina, hofu ya nyumba iliyo kimya. Baada ya ushindi ule wa Washington, Venus mwenyewe aliwachekesha watazamaji akisema amerudi kwa sababu ya bima ya afya. Sitaki kulipuuza hata hilo. Wapo wachezaji wengi wa nafasi za chini, wasiojulikana na mtu, wanaoendelea kwa sababu zawadi ya raundi ya kwanza ndiyo inayolipa tiketi ya ndege ya wiki ijayo. Kenyatta nako wapo wasusi wenye magoti yaliyovimba kwa kusimama ambao kodi ya nyumba ndiyo inayowaamsha. Kwa hao jibu ni hilo na linatosha. Ila waliofika kileleni wana hiari ya kukaa nyumbani, na baadhi yao hawaitumii hiari hiyo.

Waswahili husema ng'ombe hazeeki maini. Nimeusikia msemo huu mara nyingi, na hapa Kenyatta, hatua chache kutoka kwenye mabucha, unaweza hata kwenda kuuhakikisha. Lakini naona hautoshi. Unatuambia kwamba ndani ya mzee kuna ujana uliobaki, kana kwamba mkongwe anaishi kwa akiba ya zamani. Nilichokiona kwenye simu siku ile ni tofauti. Venus wa 2000 alikuwa anaukimbilia mpira ambao wengine waliukatia tamaa. Venus wa 2025 alisimama karibu na mstari wa nyuma, akaupiga mpira ukiwa bado unapanda, kabla haujamlazimisha kutembea. Alifupisha kila mzunguko. Alikuwa anacheza tenisi ambayo asingeweza kuicheza akiwa na miaka 20, kwa sababu wakati ule miguu ilimruhusu asiifikirie.

Ken Rosewall wa Australia ni mfano mwingine ninaoupenda. Mwaka 1974, akiwa na miaka 39, alifika fainali ya Wimbledon na fainali ya US Open. Zote mbili alipigwa vibaya na Jimmy Connors, kijana aliyekuwa karibu nusu ya umri wake. Watu hukumbuka vipigo hivyo. Mimi hujiuliza alifikaje huko. Alikuwa mtu mdogo wa mwili, mpira wake wa kuanzia haukumtisha mtu, ila alikuwa na lile pigo la mgongo wa mkono, la kuukata mpira upite juu kidogo tu ya wavu, lililosafishwa kwa zaidi ya miaka 20 mpaka halikuwa na kitu cha ziada ndani yake. Wimbledon hakuwahi kuitwaa kwa mmoja kwa mmoja. Aliendelea kuitafuta kwa pigo hilohilo tangu akiwa na miaka 19, alipofika fainali yake ya kwanza mwaka 1954.

Roger Federer naye alikaa zaidi ya miaka minne bila taji kubwa, akaumia goti, akapasuliwa mwaka 2016, akakaa nje nusu mwaka. Aliporudi Melbourne Januari 2017 akiwa na miaka 35 alikuta Rafael Nadal akimsubiri fainali, mtu ambaye kwa zaidi ya miaka kumi alimtesa kwa mpira wa kuruka juu kwenye upande wake dhaifu, ule wa mgongo wa mkono. Safari hii Federer hakurudi nyuma. Alisogea mbele, akaupiga ule mpira mapema na kwa ukali, akiwa na raketi pana kuliko ile ya ujana wake. Alishinda kwa seti tano. Fikiria mtu mwenye mataji 17 makubwa anayekubali kubadili raketi, kisha anarudi kwenye pigo lililomshinda muda wote huo na kulijifunza upya. Mtu wa namna hiyo anachokipenda ni kazi yenyewe, na kombe linakuja likikuja.

Hapo ndipo ninaposimama. Nadhani kinachowaweka wakongwe uwanjani ni kwamba kazi yao haijaisha kuwafundisha, na mwili unaopungua ndio unaowapa somo jipya. Kijana ana majibu mengi kuliko maswali: akikosea, miguu itamwokoa. Mkongwe amebaki na majibu machache, kwa hiyo kila moja lazima liwe sahihi. Kuna raha ndani ya hilo ambayo wasiojua ufundi huiona kama mateso.

Nilipofika hapo katika mawazo yangu, mama alikuwa amesimamisha kazi. Alikuwa ameshika rasta moja karibu na sikio langu la kushoto, iliyosukwa na kijana wa pembeni, akaipima kwa kidole. Akaanza kuifumua. Nilitazama kwenye kioo na sikuona kosa lolote. Yule kijana naye hakuliona, kwa maana alisogea karibu akakunja uso. Mama akamwonyesha: nywele za hapo huelekea mbele kidogo kabla ya kurudi nyuma, na yeye alizivuta moja kwa moja. "Kesho kutwa itasimama," akasema. Akaishusha upya, taratibu, kijana akitazama. Ilimchukua dakika nne hivi. Asingelipwa hata shilingi moja zaidi kwa hizo dakika, nami ningelipa na kwenda zangu bila kujua.

"Mama, umesuka vichwa vingapi?" nikamuuliza.

"Nani atahesabu, mwanangu? Lakini hiki chako kila mwaka kinabadilika. Mvi zimeingia hapa mbele. Unywele wa mvi ni mgumu, unateleza. Inabidi nishike tofauti."

Nywele zangu zinazeeka, vidole vyake vinazeeka, na yeye anatafuta namna mpya ya kuvikutanisha.

Hapa nyumbani hatuna mchezaji wa tenisi aliyefika miaka 45 akishindana duniani. Paul Wekesa, aliyefika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995, ndiye aliyetupeleka mbali zaidi kwa upande wa wanaume. Angella Okutoyi, aliyelelewa na nyanya yake hapa Nairobi, alishinda taji la wasichana wa wawili wawili Wimbledon Julai 2022 akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, akiwa na miaka 18. Safari yake ndiyo kwanza inaanza, na namwombea ifike mbali hadi umri wa wajukuu kumshangilia. Lakini wakongwe tunao, na wako barabarani wakikimbia. Edna Kiplagat alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na 2013. Aprili 2024, akiwa na miaka 44, alimaliza wa tatu Boston, nyuma ya Hellen Obiri na Sharon Lokedi, mbele ya wanawake ambao baadhi yao walikuwa watoto wa shule ya msingi alipoanza kushindana. Nimeitazama picha ya kumaliza kwake mara nyingi. Mabega yameshuka, mikono iko chini, hakuna kiungo kinachofanya kazi ambayo si yake. Mwalimu yeyote wa mbio angeweza kuwaonyesha vijana picha hiyo mwezi mzima.

Kuna wanaosema wakongwe wanajiaibisha, kwamba bora uondoke ukiwa juu ili watu wakukumbuke vizuri. Björn Borg alistaafu akiwa na miaka 26. Ashleigh Barty aliondoka Machi 2022 akiwa na miaka 25, namba moja duniani. Nawaheshimu, na kuondoka kwao hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kumdai mtu aache kazi anayoipenda ili kumbukumbu zetu sisi zibaki safi. Siku mbili baada ya kumshinda Stearns, Venus alitolewa na Magdalena Fręch kwa 6-2, 6-2. Nilisoma maneno ya watu wakimhurumia. Mtu aliyepanda ndege, akafunga kamba za viatu, akatoka mbele ya watu akijua kwamba anaweza kushindwa, simwoni kama wa kuhurumiwa. Kuna ujasiri wa kushindwa hadharani ukiwa umeshashinda kila kitu, na ujasiri huo vijana hawajapata nafasi ya kuuhitaji.

Navratilova aliwahi kuupeleka ujasiri huo mpaka mwisho. Septemba 2006, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 50, alishinda taji la US Open la mseto akiwa na Bob Bryan. Lilikuwa taji lake kubwa la 59. Baada ya hilo akaondoka, kwa wakati alioupanga mwenyewe.

Rasta zilipokamilika, kijana alileta maji ya moto kwenye sufuria. Hii ni sehemu ya hatari, na mama haiachi mikononi mwa mwingine. Unainamisha kichwa nyuma, yeye anazikusanya ncha zote kama fungu la mboga, anafunika mgongo wako kwa taulo nene, anazichovya na kuzitoa, anazikamua kwa taulo jingine. Maji yale yanatoa mvuke, lakini mikono yake haijiondoi kwa hofu. Mkono wa kushoto ulibaki kwenye shingo yangu muda wote, kuhakikisha hakuna tone linaloteremka. Hakuna lililoteremka. Kisha akapitisha jeli kidogo pembeni, akanigeuza kwenye kioo, akageuka kumtazama mteja aliyefuata, mwanafunzi aliyekuja na dada yake.

Agosti 25 mwaka huohuo Venus alicheza raundi ya kwanza ya US Open dhidi ya Karolína Muchová, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji bora 15 duniani. Alipoteza kwa seti tatu, na seti ya katikati aliichukua 6-2. Hakufunga mabegi. Siku chache baadaye alirudi katika mechi za wawili wawili akiwa na Leylah Fernandez, aliyezaliwa mwaka 2002, na wakafika robo fainali. Nilikwenda kufumua rasta zangu wiki hiyo. Ile ya karibu na sikio la kushoto, iliyosukwa mara mbili, ilikuwa bado imelala.

Ukienda Kenyatta Market, usimkatae kijana anayekuita mlangoni, naye anajifunza. Ila mwombe mkongwe wa kibanda hicho akupigie njia mwenyewe, ukae kimya umtazame kwenye kioo, na ukimaliza mlipe bila kuvutana bei.